Injini ya pikipiki ya zamani: uihudumie ikiwa imefungwa, ufungue sehemu ya juu, au uigawe yote?

Pikipiki za miaka ya 1950 hadi 1970 zilitengenezwa zifunguliwe. Waliozitengeneza walijua ringi, valvu na beringi zitachoka, wakaacha nyama ya kutosha kwenye silinda ichongwe zaidi ya mara moja, na wakauza pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za kiwandani. Mwenye Royal Enfield Bullet, Triumph Bonneville, BMW ya silinda za ubavuni au Honda CB hana haja ya kuuliza kama injini yake inafunguka. Anachotakiwa kuamua ni ifunguliwe mpaka wapi.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuihudumia ikiwa imefungwa: oili, tapeti (mwanya wa valvu), pointi (swichi ya cheche), kabureta. Ya pili ni kufungua sehemu ya juu: hedi, silinda, pistoni na valvu. Ya tatu ni kuishusha kwenye fremu na kuligawa kasha la krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) hadi kipande cha mwisho. Kila moja ina injini zinazoihitaji, na kila moja ina injini ambazo itaziharibu.

Wengi huamua kwa kuangalia moshi. Moshi peke yake unapotosha. Injini yenye tangi la oili la pembeni ikikaa wiki kadhaa, oili hushuka yenyewe kupitia pampu hadi chini ya krenki, na siku ya kuwashwa itatoa moshi mzito hata kama ringi zake ni mpya. Moshi huo hukatika oili ikisharudishwa tangini. Moshi wa bluu unaotoka unapoachia mafuta kwenye mteremko na kuyafungua tena mara nyingi ni wa gaidi za valvu, yaani mirija ambamo valvu hupita. Unaotoka muda wote injini ikibeba mzigo mara nyingi ni wa ringi na silinda. Hizo ni hali tatu tofauti, na kila moja ina kazi yake.

## Vigezo vya kulinganishia

Njia zote tatu tutazipima kwa mambo yaleyale: inaponya nini na haifiki wapi, inadai zana gani, vipuri na kazi gani ya kuchonga, inachukua muda gani, na mahali gani kazi huharibika. Mwisho wa kila njia tunasema inamfaa nani.

Kabla ya hapo kuna vipimo vinne ambavyo havihitaji kufungua chochote kikubwa. Bila hivyo, kuchagua ni kubahatisha.

Kompresheni. Pasha injini moto, toa plagi zote, zichomeke kwenye kofia zake na zigusishe chuma cha injini ili koili au magineto isiungue. Fungua throtoli yote, piga kiki mpaka mshale wa geji uache kupanda, andika. Kisha tia oili kijiko kimoja cha chai, kama mililita 5, kupitia tundu la plagi na urudie. Namba ikipanda wazi, hasara iko kwenye ringi au silinda. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi. Kwenye injini ya silinda mbili au zaidi, tofauti kati ya silinda moja na nyingine inasema mengi kuliko namba yenyewe.

Upotevu wa hewa. Peleka pistoni juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi kwa geji ya kupima upotevu, kisha sikiliza. Hewa ikivuma kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikivuma kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ikivuma kwenye bomba la kupumulia la kasha la krenki, ni ringi. Karakana nyingi huridhika na upotevu wa chini ya asilimia 10, na hufungua injini inayopita asilimia 25.

Oili. Imwage ikiwa moto, kwenye beseni safi, ukiichuja kwa kitambaa cheupe. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Chembe za rangi ya shaba nyekundu au dhahabu zimetoka kwenye bushi. Vipande vya chuma vyenye ncha vimetoka kwenye gia au rola za beringi. Magamba ya fedha yasiyonaswa na sumaku huenda ni ya pistoni au ya metali laini ya beringi.

Krenki. Hiki ndicho kipimo ambacho watu hukiruka, na ndicho kinachoamua zaidi. Toa kava la upande wa altaneta au pointi, shika rota kwa mikono miwili na ujaribu kuiinua na kuishusha. Mchezo wowote wa juu na chini unaousikia mkononi ni wa meni beringi, yaani beringi zinazoibeba krenki ndani ya kasha. Kisha peleka pistoni kidogo kupita sehemu ya juu kabisa, simamisha kijiti cha plastiki juu yake kupitia tundu la plagi, na uizungushe krenki polepole huku na huku. Kijiti kinapaswa kuanza kusogea mara tu krenki inapogeuza mwelekeo. Krenki ikisogea kwanza na kijiti kikabaki kimesimama, kuna mchezo ama kwenye pini ya pistoni ama kwenye bigendi, yaani beringi inayoishika konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) kwenye krenki.

## Njia ya kwanza: kuihudumia ikiwa imefungwa

Inachoponya. Kuwaka kwa shida, kukosa nguvu, kurudisha moto, kelele za tapeti, klachi inayoteleza au kushikana, na uvujaji wa kava za nje. Haigusi ringi, siti za valvu wala kitu chochote cha ndani ya kasha la krenki.

Kazi yenyewe inajulikana, ila ifanywe kwa mpangilio. Tapeti hurekebishwa kabla ya taimingi, na taimingi kabla ya kabureta, kwa sababu kabureta haiwezi kutulia kama cheche inakuja wakati usio wake. Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi kabisa: Bonneville ya 650 hutaka milimita 0.05 kwa valvu ya kuingizia na 0.10 ya kutolea, na Honda CB750 ya kamshafti moja hutaka 0.05 na 0.08. Pointi za injini nyingi za wakati huo hufunguka milimita 0.35 hadi 0.40. Jeti zisafishwe kwa hewa na dawa ya kabureta. Waya hupanua tundu, na baada ya hapo hakuna marekebisho yatakayokaa.

Usimalize bila kufikia chujio la oili. Honda Super Cub na CB nyingi za mwanzo zina kikombe kinachozunguka kwa kasi ya krenki na kukusanya uchafu ukutani mwake, na hufikiwa kwa kutoa kava ya kulia. Wengi hubadilisha oili kwa miaka bila kukifungua. Pikipiki za Uingereza za wakati huo mara nyingi zina wavu tu, mmoja kwenye sampu na mwingine tangini.

Injini iliyokaa miaka haipigwi kiki siku ya kwanza. Tia oili kwenye silinda, iache ilowe, ingiza gia ya juu na uizungushe kwa gurudumu la nyuma, plagi zikiwa nje. Ikiwa pistoni imegandana na silinda, mchanganyiko wa oili ya gia boksi za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, ukiachwa siku kadhaa hupenya kutu vizuri. Ukisimama juu ya kiki kwa nguvu, kinachovunjika ni meno ya gia ya kiki, na kutu inabaki palepale. Na ieleweke kwamba injini iliyogandana kwa kutu, hata ikiachia, tayari inadai njia ya pili kwa uchache: ukuta wa silinda una mashimo ambayo ringi mpya haitayaziba.

Zana. Spana zinazolingana na nchi ilikotoka pikipiki. Pikipiki nyingi za Uingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 hutumia spana za Whitworth, na spana ya milimita itakayoonekana inakaribia kuenea ndiyo itakayoviringisha kona za nati. Za Japani zina skrubu zinazofanana na za msalaba wa kawaida lakini umbo lake si lilelile. Zinataka bisibisi yake ya JIS, na kwa kava zilizokaza, bisibisi ya kugonga. Ongeza fila geji, taa ya taimingi na geji ya kompresheni.

Vipuri na muda. Gasketi za kava, plagi, pointi, kondensa, oili, seti ya kabureta. Hakuna kuchonga. Mtu makini humaliza kwa siku moja au mbili.

Panapoharibika. Kosa kubwa ni kusafisha ndani ya injini kwa kuzungusha mafuta ya taa. Tope lililokaa miaka bila kumdhuru mtu hung'oka kwa mabonge na kwenda kuziba njia za oili, na mafuta ya taa yanayobaki huipunguzia nguvu oili mpya. Hali inayofanana hutokea injini iliyolishwa muda mrefu oili isiyo na sabuni (kemikali za kusafisha) inapowekewa ghafla oili ya kisasa. Ukifanya hivyo, badilisha oili mapema sana mara mbili tatu za mwanzo. Na pale klachi inapoogea oili moja na injini, chagua yenye alama ya JASO MA. Oili za magari zenye vilainishi vya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze.

Inamfaa mwenye injini yenye kompresheni inayolingana, oili isiyo na chembe na krenki isiyo na mchezo, hata kama inavuja na inawaka kwa shida.

## Njia ya pili: kufungua sehemu ya juu

Inachoponya. Ringi zilizochoka, silinda iliyolika, valvu zisizofunga, gaidi zilizopanuka, gasketi ya hedi iliyoungua, kelele ya pistoni inayogonga ukuta injini ikiwa baridi. Haifiki meni beringi, bigendi, gia wala matope ya ndani ya krenki.

Ugumu wake unategemea injini imekaaje kwenye fremu. BMW ya silinda za ubavuni ndiyo rahisi kuliko zote: hedi na silinda vinatoka pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi. Bullet na Triumph nyingi hufunguliwa zikiwa kwenye fremu, tangi likishatolewa. CB750 ya kamshafti moja hainyanyuki hedi bila injini kushushwa kwanza, kwa sababu bomba la juu la fremu linazuia. Kwa mwenye CB750, tofauti kati ya njia ya pili na ya tatu ni ndogo kuliko inavyosemwa, kwani tayari ameshashusha uzito wote.

Zana. Toki renchi, kifaa cha kubania springi za valvu, mikromita na geji ya kupimia tundu la silinda, kibania ringi, na pasta ya kusagia valvu. Mikromita na geji ya tundu ni za lazima. Asiyekuwa nazo apeleke silinda na pistoni kwa mchongaji zikapimwe kabla ya kununua chochote.

Kufungua. Legeza nati za hedi injini ikiwa baridi, kwa mtindo wa msalaba, robo mzunguko kila moja, mpaka zote ziwe huru. Kulegeza moja hadi mwisho kunaipinda hedi. Hedi ikigoma, igonge kwa nyundo ya mpira mahali penye nyama. Bisibisi ikichomekwa kwenye uso wa gasketi huacha alama itakayovuja siku zote, na mapezi ya silinda ya chuma cha kalibu huvunjika kama kigae. Unapoinua silinda, isimamishe kabla pistoni haijatoka, ujaze kitambaa safi kwenye mdomo wa kasha. Kipande cha ringi kikianguka chini, umejiingiza njia ya tatu bila kupenda.

Sasa shika konrodi, ipeleke juu, uivute wima. Kusogea kwa pembeni kwenye krenki ni kwa kawaida na kumekusudiwa. Kusogea kwa juu na chini hakukubaliki hata kidogo. Ukikusikia, acha hapo. Kuweka pistoni mpya juu ya bigendi iliyochoka ndiyo njia ya haraka ya kuivunja: kompresheni iliyorudi huongeza mzigo kwenye beringi iliyokuwa ikipumzika.

Kupima. Tundu la silinda hupimwa kwa vimo vitatu na pande mbili, sambamba na krenki na kuikatiza. Ulikaji mkubwa huwa juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na zaidi mbele na nyuma. Vitabu vingi vya huduma huweka kikomo karibu na milimita 0.1 kupita kipimo cha kiwandani. Fuata cha injini yako. Ikipita, silinda inachongwa.

Hapa kuna sheria moja ya kuzingatia: nunua pistoni kwanza, mpe mchongaji mkononi, achonge kufuata pistoni hiyo. Ovasaizi za Uingereza kwa kawaida hupanda kwa inchi 0.020 na 0.040, za Japani kwa hatua za milimita 0.25. Ukichonga halafu ukakosa pistoni ya saizi hiyo, silinda inabaki ikisubiri, au inachongwa tena bila sababu.

Ringi mpya haivalishwi bila kupimwa. Iingize yenyewe kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na upime mwanya kwa fila geji. Kanuni ya injini zinazopozwa na hewa ni sehemu 3 hadi 4 kwa elfu ya kipenyo, kwa hiyo Bullet ya 350, yenye tundu la milimita 70, itataka takriban 0.21 hadi 0.28. Mwanya mdogo ni hatari kuliko mkubwa. Ringi ikipata joto hurefuka, ncha zikagusana, ikakosa pa kwenda na kuuchana ukuta wa silinda. Panua mwanya kwa tupa laini, ukisugua kutoka nje kwenda ndani, kidogo kidogo.

Valvu husagwa kwa pasta ya chembe nene kisha laini, mpaka mstari wa kijivu usiokatika uzunguke siti nzima. Kabla ya kusaga, tikisa valvu ndani ya gaidi yake. Kama inayumba, gaidi hubadilishwa kwanza na siti huchongwa upya baada yake, kwani gaidi mpya huhamisha kitovu na kazi yote ya kusaga hupotea. Kwa kujaribu, funga valvu na springi zake, mimina petroli kwenye njia ya kuingizia kisha ya kutolea, subiri dakika 5. Upande wa chumba cha kuchomea ubaki mkavu.

Kufunga. Osha silinda kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha ipake oili papo hapo isishike kutu. Petroli peke yake haitoi vumbi la jiwe la kuchongea. Pini ya pistoni huingia kwa urahisi pistoni ikipashwa joto la nyuzi 60 hadi 80. Haigongwi, maana kila pigo linapokelewa na konrodi. Klipu za pini ziwe mpya kila mara, na mdomo wake utazame juu au chini. Ukitazama pembeni, mwendo wa pistoni unaweza kuichomoa. Baada ya kuiingiza, izungushe kidogo kwa ncha ya bisibisi na usikilize mlio wake ikikaa mferejini. Klipu isiyokaa vizuri huzunguka bila ukinzani. Mianya ya ringi tatu iachane kwa nyuzi 120.

Gasketi ya shaba inaweza kutumika tena ikilainishwa: ipashe moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, safisha maganda meusi. Nati za hedi hukazwa kwa msalaba kwa hatua tatu hadi toki ya kitabu, na hukazwa tena baada ya joto la kwanza kupoa kabisa, kisha baada ya kilomita 300 hadi 500. Kila ukikaza hedi, tapeti hupimwa upya.

Muda. Kufungua na kufunga ni kazi ya mwisho wa wiki moja au mbili. Kinachochelewesha ni foleni ya mchongaji na kusubiri pistoni.

Panapoharibika, mbali na hayo: kuacha injini mpya ikiunguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Ringi hukaa kwa mzigo unaopanda na kushuka, kwa hiyo iendeshwe mapema, kwa kasi inayobadilika, bila kuiminya sana. Oili ya kwanza imwagwe kabla ya kilomita 300.

Inamfaa mwenye injini iliyopoteza kompresheni au inayokula oili, huku krenki ikiwa imara na historia yake ikijulikana.

## Njia ya tatu: kushusha na kugawa injini yote

Inachoponya. Kila kitu, mradi vipuri vipo. Lakini sababu ya kuichagua mara nyingi ni mambo ambayo hayaonekani kabisa kutoka nje.

Triumph na BSA za silinda mbili zina mrija ndani ya krenki unaokusanya tope la oili kwa mzunguko. Ukijaa, oili haifiki tena bigendi, na hakuna dalili mpaka siku bigendi inapoanza kugonga. Haufikiki bila kugawa kasha na kutoa skrubu yake iliyofungwa kwa nguvu. BMW za kabla ya mfululizo wa /5 ulioanza 1969 zina sahani za kukusanyia tope kwenye krenki yenyewe, zenye tabia hiyohiyo. Bushi ya upande wa taimingi ya BSA A65 hupitisha oili kwenda krenki: ikilika, presha hupotelea hapo, na bigendi ya upande wa pili ndiyo inayolipa. Mwenye mojawapo ya injini hizi, asiyejua mara ya mwisho ziligawanywa lini, ana sababu ya kutosha hata kama kompresheni ni nzuri. Kwenye hilo msimamo wetu ni mkali kidogo kuliko wa mafundi wengi.

Zana. Za njia ya pili zote, pamoja na pula ya rota, ya klachi na ya gia ya taimingi, kila moja ya injini yake. Pula ya kucha tatu ikivutwa kwenye ukingo wa rota huipasua au huitoa sumaku zake. Pia geji ya saa ya kupimia mchezo wa shafti, na jiko la umeme au oveni ya kupashia kasha.

Kufungua. Nati ngumu, yaani za sproketi ya injini na ya klachi, zilegezwe injini ikiwa bado kwenye fremu, gia ya juu ikiwa ndani na mtu akikanyaga breki ya nyuma. Mezani utatafuta pa kuishikia usipaone. Kila shafti inapotoka, washa na shimu (vipande vyembamba vya kurekebishia nafasi) zake zifungwe nayo kwa waya, kwa mpangilio na upande uleule. Shimu iliyobadilishana nafasi hufanya gia iruke au shafti ikazane, na utaligundua hilo baada ya kufunga kila kitu.

Kasha la wima, la Waingereza wengi na silinda moja nyingi, hufunguka kulia na kushoto. La mlalo, la Honda CB nyingi, hufunguka juu na chini na ni rahisi kukagua, kwa sababu krenki na gia hubaki zimelala kwenye nusu moja. Likigoma, rudi uhesabu bolti. Karibu kila mara kuna moja iliyosahaulika, mara nyingi ndani ya chumba cha klachi.

Beringi hutolewa na kuingizwa kwa joto. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo kasha likifika nyuzi 100 hadi 120 beringi hudondoka yenyewe au kwa kugongwa kidogo kwa mbao. Tone la maji likichemka na kurukaruka juu ya kasha, joto limetosha. Moto wa gesi wa sehemu moja hupinda kasha. Beringi uliyoisafisha usiizungushe kwa hewa ya kompresa ikiwa kavu. Rola huchubuka kwa sekunde.

Vipuri na kuchonga. Hapa ndipo injini zinapotofautiana. Krenki ya kipande kimoja yenye beringi za vigae (nusu mbili nyembamba za metali laini) kwenye bigendi, kama ya CB750 au Bonneville, hupimwa kwa mikromita. Za Uingereza zikilika husagwa na kuvalishwa vigae vya saizi ya chini, kwa hatua za inchi 0.010. Krenki ya vipande vilivyobanwa pamoja, kama ya Super Cub, hutenganishwa kwa presi, ikawekewa pini, beringi na konrodi mpya, kisha ikanyooshwa mpaka isiyumbe zaidi ya mia chache za milimita. Kazi hiyo haifanywi kwa nyundo nyumbani. Sili zote, bushi, springi za klachi na za kubadilishia gia zinabadilishwa kwa pamoja.

Muda. Hesabu miezi, na usitaje tarehe ya safari. Kufungua ni siku mbili. Kupima, kusubiri na kuchonga ndiko kunakokula muda.

Panapoharibika. Silikoni nyingi. Inayoonekana imefura nje ya kasha imefura vilevile ndani, na kipande kikikatika huenda kwenye wavu wa pampu au tundu la oili. Paka utando mwembamba, acha wazi mzunguko wa kila tundu. Kosa lingine ni kuwasha injini kavu. Jaza oili, toa plagi, zungusha mpaka uione ikirudi tangini au ikifika kwenye roka, ndipo urudishe plagi. La tatu ni la watu wenye subira ndogo: kufungua yote, kukosa kipuri kimoja, na kuacha injini masandukuni bila lebo. Usianze kugawa kasha kabla ya kuhakikisha konrodi, beringi na pistoni za injini hiyo zinapatikana.

Inamfaa mwenye mchezo kwenye krenki, vipande vya chuma kwenye oili, gia zinazoruka, au injini ya historia isiyojulikana anayotaka kuitumia safari ndefu.

## Injini za mipigo miwili zina hesabu yake

Kwenye mipigo miwili, mchanganyiko wa petroli na hewa hupita ndani ya kasha la krenki, kwa hiyo sili za krenki ni sehemu ya kabureta. Zikikauka kwa kukaa, upande mmoja hunyonya hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi na pistoni inajikaza. Upande wa gia hunyonya oili ya gia boksi na kutoa moshi usiokwisha. Ndiyo maana kufungua sehemu ya juu pekee, kazi rahisi sana kwenye injini hizi, hufuatwa mara nyingi na pistoni ya pili kuungua.

Ziba njia ya kuingizia na ya ekzosi, tia hewa ya presha ya baa 0.4, na uone kama inakaa dakika 6. Ikishuka, paka maji ya sabuni utafute inakotokea. Kwenye baadhi ya injini sili za nje hutoka bila kugawa kasha. Kwenye nyingine zina ukingo unaokaa mferejini na hazitoki mpaka kasha lifunguliwe. Sili ya kati ya krenki ya silinda mbili kama Yamaha RD350 haifikiki kwa namna nyingine.

## Kwa hali yako

Injini inawaka, inavuta, oili ni safi, lakini haitulii: njia ya kwanza, na urudie vipimo vya kompresheni baada ya kilomita elfu moja au mbili.

Kompresheni imeshuka, krenki haina mchezo, na unajua nani aliifungua mara ya mwisho: njia ya pili. Ikiwa ni CB750, sikiliza gia na upime presha ya oili kabla ya kushusha, ili ujue kama ukiishafika mezani uendelee hadi chini.

Umenunua Triumph, BSA au BMW ya zamani iliyokaa ghalani, bila karatasi: panga njia ya tatu. Iwashwe kwa muda mfupi tu, kwa ajili ya kusikiliza, baada ya kulowesha silinda na kuhakikisha oili inazunguka.

Umenunua ya mipigo miwili iliyokaa: anza na kipimo cha presha, kisha sili, ndipo uzungumzie pistoni.

Huna mikromita, na fundi uliye naye anapima kwa jicho: fanya njia ya kwanza mwenyewe, na silinda, krenki na hedi zipelekwe kwa mchongaji mwenye geji, kila kimoja kikiwa na lebo ya kipimo unachotaka.

Vipuri vya krenki vya injini yako havipatikani: fanya njia ya kwanza au ya pili kwa uangalifu, endesha kwa mzigo mdogo, badilisha oili kila kilomita 1,000, na upime krenki kila unapotoa kava.